Ramani ya Mto Msikivu

Nchi ya Ukingo haimo katika ramani yoyote, na hilo lenyewe ni ajabu, kwa kuwa watu wake hawathamini kitu duniani kuliko ramani. Waliofika huko ni wachache, na waliorudi wakasimulia ni wachache zaidi. Mmoja wao ni Shekue, fundi wa visima, mtu mpole asiyesema neno kabla ya kupima, na haya ndiyo aliyoyaona, kwa mfuatano uleule alioyaona.

Alikwenda kwa ajili ya dada yake. Mboni alikuwa ameolewa Ukingo mwaka wa nne ule, na mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya tatu ilikaa. Habari zilipomfikia Shekue kwamba siku za dada yake zimekaribia, na mama yao alikwisha kufariki zamani, akaona hakuna mwingine wa kwenda. Akakunja kamba yake ya kupimia visima, ile yenye fundo kila baada ya shubiri moja, akaitia mkobani.

Alichokiona kwanza ni rangi. Nyumba zote za Ukingo hupakwa rangi kwa amri. Zilizo kando ya mto ni nyekundu, zinazofuata ni za njano, na zile za nyuma kabisa, nyingi na nzuri kuliko zote, zenye baraza pana na milango miwili miwili, ni nyeupe. Kati ya rangi na rangi umechorwa mstari wa chokaa ardhini, na kila siku asubuhi walinzi wa Ofisi ya Mstari huupitia na ndoo zao, wasije kuku wakaufuta.

Shemeji yake, Chande, ambaye alikuwa mnakili wa ramani katika Ofisi hiyo, ndiye aliyempokea na kumweleza. Nyekundu, alisema, ni mahali ambapo maji hufika. Njano ni mahali ambapo maji huweza kufika mara moja katika miaka mia. Nyeupe ni mahali ambapo maji hayana ruhusa. Shekue akauliza kama maji yanajua. Chande akajibu bila kucheka kwamba ndiyo maana mto wao unaitwa Msikivu.

Sheria zilifuata rangi. Watu wa Nyekundu walilazimishwa kuogopa. Kila nyumba yao ilisimama juu ya nguzo, na chini yake palifungwa mtumbwi. Kila mwezi mchanga ulipoandama, ngoma ilipigwa nao wakapanda dari na watoto wao, vikongwe na mbuzi, huku mkaguzi akihesabu. Watu wa Nyeupe, kinyume chake, walikatazwa. Mtu wa Nyeupe akikutwa na mtumbwi, au kamba ndefu, au ngazi iliyoegemezwa ukutani bila sababu, hushtakiwa kwa kosa la kuogopa nje ya mstari. Adhabu yake ni nyumba kupakwa njano mwaka mzima, na nyumba iliyopakwa njano haiposwi binti.

Na mtoto huandikwa rangi ya nyumba aliyozaliwa. Aliyeandikwa mwekundu hawezi kuketi Barazani pamoja na wajumbe wa nchi, wala kuoa wala kuolewa juu ya mstari, hata akihama. Hilo Chande alilisema upesi, kisha akabadili mazungumzo.

Shekue aliyasikia yote hayo akayaweka moyoni. Kila watu na desturi zao. Lakini alipokuwa akitoka mtoni na mkoba begani, kupita Nyekundu, kisha Njano, hadi nyumbani kwa dada yake katikati ya Nyeupe, miguu yake ilikwisha kumwambia jambo ambalo hakuna mtu aliyelitaja. Njia nzima alikuwa akiteremka.

Mboni alimcheka alipomwona. Alikuwa mzito, miguu imevimba, lakini ulimi wake ulikuwa uleule. Alimuuliza kaka yake kama amekuja kumsalimu au kukikagua kisima chao, maana alimwona anakichungulia kabla hajaketi. Shekue akaona haya, akaketi, akanywa uji. Baadaye akakitumbukizia kamba. Kutoka mdomoni hadi kwenye maji palikuwa na mafundo kumi na nane.

Kando ya kisima palikuwa bado na lile rundo la udongo uliotolewa siku kilipochimbwa. Shekue alilichambua kwa vidole. Chini ya rundo, lililotoka kwanza, ni tope la kawaida. Juu yake, uliotoka kilindini, mchanga safi wa mto, wa duara, uliosuguliwa, na ndani ya mchanga vipande vya magamba ya konokono wa majini. Alivipanga juu ya jiwe akavitazama. Konokono wa majini hatembei kwenda kusalimia watu. Mto uliwahi kulala hapa.

Jirani wao, Mzee Ngwali, alikuwa ameketi barazani kwake katika kiti cha mninga chenye mikono, kiti ambacho watu walisema hakiondoki hapo masika wala kiangazi. Nyumba yake ilikuwa ya njano zamani. Aliandika maombi mara tatu, akakubaliwa, na mstari ukasogezwa. Tangu siku hiyo ulilizunguka baraza lake kama mkono wa mlafi unavyozunguka sahani.

"Mgeni," alimwita Shekue, "umekuja kutuchimbia kisima au kaburi? Maana kwa unavyolichungulia hilo shimo, mtu hajui."

Wapita njia wakacheka. Shekue naye akatabasamu, kwa kuwa mzaha ulikuwa mzuri. Akaviacha vipande vile juu ya jiwe.

Kesho yake alipima tena. Mafundo kumi na saba. Mvua haikuwa imenyesha, na mbingu ilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma.

Siku ya tatu ilikuwa Siku ya Kuchota, sikukuu kubwa ya Ukingo, na Mboni akasisitiza kaka yake aione. Uwanjani paliwekwa chungu kikubwa. Zamani, watu walimweleza, chungu hicho kilitiwa mbegu mia za boga, tisini na tisa nyeupe na moja iliyopakwa rangi nyekundu, kwa sababu ramani inasema mafuriko makubwa ni ya mwaka mmoja katika mia. Miaka thelathini na moja nyuma mto ulifurika, ukachukua watu wa Nyekundu na Njano wasiohesabika. Basi wazee wakaitoa mbegu nyekundu chunguni wakaizika kwa heshima. Kuanzia hapo kila mwaka huchotwa mbegu moja nyeupe na kutupwa mtoni, na zinazobaki ndiyo miaka ya salama. Siku hiyo zilibaki sitini na nane. Watu walicheza. Kina mama waliwainua watoto wao wachungulie chunguni, wakawaambia mafuriko ni mambo ya wajukuu zenu.

Aliyechota alikuwa Mheshimiwa Kadiri, Mkuu wa Ofisi ya Mstari, mzee nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza. Ngoma zilipotulia Shekue alimsogelea, akamwamkia, akaomba ruhusa ya kuuliza.

"Uliza, mgeni. Nchi hii haiogopi maswali."

"Mbegu mnayoichota, mheshimiwa, kwa nini hamuirudishi chunguni?"

"Kwa sababu mwaka ukipita haurudi."

"Mwaka haurudi, ni kweli. Lakini mto? Mimi naona kama mto unachota kila mwaka katika chungu kilekile, kimejaa vilevile. Nyekundu ikitoka leo, kesho imo tena. Inaweza kutoka miaka miwili mfululizo."

Kadiri alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula wali kwa mkono wa kushoto.

"Huo ungekuwa mto usio na adabu," alisema. "Wetu ni Msikivu."

Shekue akashukuru akaondoka. Alijiambia kwamba huenda yeye ndiye asiyeelewa. Alisoma peke yake, kwa vitabu vya kuokota, na mara nyingi aliwahi kukosea. Lakini akarudi kisimani na kamba yake. Jioni kisima kilikuwa na mafundo kumi na matano.

Siku ya nne alikwenda Barazani, maana wageni huruhusiwa kusikiliza. Kesi ilikuwa ya mwanamke mjane wa Nyeupe, mwenye nyumba ya pembeni kabisa, upande wa nyuma ulioelekea kwenye majani marefu. Alikuja kulalamika kwamba maji yanapanda kutoka chini ya sakafu yake siku ya pili ile. Alisema kwa adabu, akiangalia chini. Wajumbe walijadiliana asubuhi nzima. Mmoja alitaka kujua kama yule mama ana uhakika hakumwaga ndoo. Mwingine alisema kwamba kukubali maji Nyeupe ni kuitukana ramani, na anayeitukana ramani ameitukana nchi. Wa tatu, aliyekuwa na busara kidogo, alipendekeza mtu aende akaangalie. Akajibiwa kwamba kuangalia ni aina ya kuogopa.

Mwisho Kadiri alitoa uamuzi, na ukaandikwa. Maji ni kile kilichomo ndani ya mstari. Kilicho nje ya mstari huitwa unyevu. Mama yule akapewa tambara la kukaushia, akaonywa.

Alipopita karibu na Shekue kutoka nje, viatu vyake vya ngozi vilitoa sauti ya kufyonza kila alipokanyaga. Baraza zima liliisikia sauti hiyo. Wajumbe walikuwa wanatazama karatasi zao.

Shekue alirudi nyumbani kwa haraka isiyo kawaida yake. Mafundo kumi na mawili. Na katika ukuta wa jikoni siafu walikuwa wakipanda kwa safu nene, kila mmoja amebeba yai.

Usiku ule hakulala vema, na asubuhi alimwomba Chande ampeleke Ofisini akaione ramani yenyewe, ile ya kwanza, ambayo nakala zote zilitokana nayo. Chande alikubali kwa fahari. Ilitundikwa katika chumba cha juu, ghorofani, ndani ya fremu ya mbao iliyopakwa dhahabu. Aliyeichora, Chande alieleza, alikuwa mwanamke mmoja aliyeutembea mto mzima kwa fimbo na kamba, miaka mia na kumi nyuma. Jina lake halikuhifadhiwa. Walimwita Mama wa Mstari tu.

Chande akashuka kuchukua wino. Shekue alibaki peke yake na ramani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, akapima fremu kwa macho, kisha karatasi. Pembeni karatasi haikuishia pale fremu ilipoishia. Ilikuwa imekunjwa ikapelekwa nyuma. Akaigeuza fremu taratibu. Kumbe fundi wa zamani alikuwa na mbao fupi, na badala ya kutafuta mbao ndefu, alilikunja pambizo la ramani, vidole vinne upande mmoja. Katika hivyo vidole vinne mlikuwa na maandishi madogo ya mkono uliotetemeka.

"Nyekundu: nimepima, maji hufika. Njano: nimepima, maji hufika kwa nadra, nadhani mwaka mmoja katika mia, lakini hayana zamu. Nyeupe: sijapima. Homa imenizidi. Atakayefuata apime kwanza nyuma ya kingo, kwa kuwa pananionekea kuwa chini, na majani yake ni ya mahali palipokuwa mto."

Shekue alisoma mara tatu, kwa kidole, kama mtoto wa chuoni. Yule wa kufuata hakufuata. Watu elfu na elfu walikuwa wamejenga, wameoa, wamezaa na kuzikana juu ya mahali ambapo mwanamke mgonjwa aliweka kalamu chini.

Aliposikia hatua, akageuka. Chande alikuwa mlangoni, chupa ya wino mkononi.

"Umesoma," Chande alisema.

"Nimesoma, shemeji. Na wewe?"

Chande aliingia ndani. Aliiweka chupa mezani, akaifuta mdomo wake kwa kitambaa, akaifunga, akaifungua tena. Akasema alisoma mwaka wake wa kwanza kazini, alipokuwa akipangusa vumbi. Alimwendea mkubwa wake, akaambiwa kwamba ramani ni kile kinachoonekana ndani ya fremu. Tangu siku ile ametoa nakala mia mbili na zaidi. Kila nakala alijiambia kwamba katika inayofuata atayaandika maneno yale. Baadaye akaacha kujiambia, akaona ni rahisi kuamini kama wengine, na kweli akaamini. Akajenga Nyeupe. Akamleta mke Nyeupe.

Shekue hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba asubuhi hiyo kisima kilikuwa na mafundo tisa, na kwamba maji yake yalinuka majani ya mlimani.

Walitembea hadi nyumbani. Njiani walimpita Mzee Ngwali kitini mwake, akamuuliza Shekue kama kaburi limefika kina cha kutosha. Safari hii Shekue hakuweza kutabasamu.

Mboni alikuwa amejinyoosha mkekani, akipepea. Shekue aliketi karibu naye, akamweleza polepole, kwanza mteremko, kisha mchanga na konokono, kisha kamba, kisha siafu. Akasema kilima kilicho karibu zaidi ni mbali kwa hali yake, mwendo wa siku nzima, hatafika. Lakini Bibi Somoe, mkunga wa Nyekundu, nyumba yake iko juu ya kingo na juu ya nguzo. Waende kwake leo.

Mboni alicheka kidogo. "Kaka, tangu utotoni wewe ukiona wingu unahesabu mbuzi." Kisha hakucheka tena. Akasema kwamba amewazika wawili wasio na majina. Huyu alitaka azaliwe kwao, katika nyumba nyeupe ya baba yake, aketi siku moja pale wanapoketi watu. Akizaliwa kwa Somoe ataandikwa mwekundu maisha yake yote, na kwa nini? Kwa sababu mjomba wake ameogopa siafu?

Shekue alijua kupima kisima, hakujua kupima hilo.

Mboni akajiinua kwa kiwiko, akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mgeni.

"Baba wa mtoto, wewe ndiye unayechora. Nakuuliza wewe, simuulizi kaka. Hapa nilipolala pamepimwa?"

Chande aliitazama sakafu. Palikuwa na mstari mwembamba wa maji kati ya tofali na tofali, unang'aa.

"Hapajapimwa," alisema.

Mboni akaomba apewe kanga yake na mkono wa kumwinua.

Mchana huohuo wakavuka mistari yote miwili. Mlinzi wa mstari aliwauliza waendako, na Chande akasema wanakwenda kumwona mkunga, jambo ambalo lilikuwa kweli. Safari hii walikuwa wakipanda, na Mboni alihema kila hatua, naye akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka minne amepita njia hii na hakuwahi kujiuliza kwa nini akirudi na ndoo kutoka mtoni anapata wepesi.

Bibi Somoe alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Hakuuliza kitu. Alimpandisha Mboni juu, akamwonyesha Shekue kamba zilikofungwa, na mtumbwi, na chakula cha siku tano kilichofungashwa darini. Watu wa Nyeupe huwacheka kwa hofu yao, alisema, lakini hofu ni kama chumvi, ukiitia kila siku kidogo hutaihisi, na siku inapokosekana chakula hakiliki. Kisha akamgeukia Chande na kumwambia apande naye.

Chande alikataa. Alikuwa ametoa karatasi kifuani, aliyoiandika kwa kumbukumbu kabla hawajatoka: maneno ya pambizo, yote, kwa herufi kubwa. Alisema anakwenda kuyasoma mlango kwa mlango. Mboni alimshika kanzu. Chande akaitoa mikono yake kidole kimoja kimoja, kwa upole, akasema amechelewa nakala mia mbili.

Alisoma jioni ile na asubuhi iliyofuata. Baadaye Shekue alisikia kwa waliokuwapo. Wengi walifunga milango. Wengine walisikiliza, wakacheka mbele ya majirani, kisha mmoja mmoja wakachukua watoto wao wakapita mistari, wakimwambia mlinzi wanakwenda kumjulia hali mkunga. Bibi Somoe hakuwahi kujuliwa hali na watu wengi namna ile. Mzee Ngwali alimsikiliza Chande hadi mwisho, akamwomba arudie, kisha akasema mstari wake una muhuri. Saa mbili asubuhi walinzi wakamkamata Chande kwa kosa la kuogopa nje ya mstari na kumfungia katika chumba cha juu cha Ofisi, chini ya ile ramani.

Siku hiyo jua lilikuwa kali na mbingu haina hata unyoya wa wingu. Uchungu wa Mboni ulianza alfajiri. Shekue aliketi barazani juu ya nguzo, mgongo ameupa mlango, akasikia dada yake ndani akiuma kanga. Mbele yake Msikivu ulikuwa umejaa hadi ukingoni, wa rangi ya chai ya maziwa, lakini haukumwagika. Kule Nyeupe watu walikuwa wametoka kuutazama. Walisimama kwenye mstari wa chokaa, wamepanga safu, wameelekea mtoni, na waliposhuhudia kwamba mto haukuvuka, wakaanza kupiga makofi.

Hapo ndipo Shekue aliposikia sauti. Haikutoka mtoni. Ilitoka nyuma, kwenye majani marefu nyuma ya nyumba ya yule mjane, sauti kama ya kundi kubwa la ng'ombe linalotembea bila kulia. Majani yakalala. Kisha maji yakaja, si kwa wimbi kama watu wanavyosimulia, bali kama mtu anayerudi nyumbani kwake na anajua kila mlango. Yalifuata mahali pa chini, na mahali pa chini palikuwa Nyeupe. Mto ulikuwa umekatiza huko juu, ukaingia katika kitanda chake cha zamani.

Watu waliosimama mstarini walikuwa wameyapa mgongo. Shekue alipiga kelele, na Bibi Somoe akapiga ngoma, lakini watu wa Nyeupe hawakufundishwa maana ya ngoma ile. Wachache waligeuka. Mlinzi mmoja alionekana anayanyooshea maji fimbo. Kisha Shekue akaanza kutupa kamba, na watu wa Nyekundu, ambao kila mwezi walicheza mchezo huu na kuuchoka, wakafungua mitumbwi.

Alifanya kazi hiyo hadi viganja vikachubuka. Walivuta watu, walimvuta yule mjane, viatu vyake bado miguuni. Mzee Ngwali hawakumvuta. Baraza lake lilikuwa tupu, na baadaye halikuwa baraza tena.

Paa la kwanza lilipita mbele ya nyumba likielea zima, na jogoo juu yake. Wakati huohuo mtoto alilia ndani.

Maji yalikaa siku tisa. Yalipoondoka, kiti cha mninga kilikutwa juu ya mkuyu, kimekaa wima, kama kinangojea mtu. Nyeupe ilikuwa tope la rangi moja. Mwisho walihesabu waliokosekana, wakaacha kuhesabu.

Ghorofa ya Ofisi ilibaki, na Chande alishushwa hai kutoka katika chumba alichofungiwa. Mheshimiwa Kadiri naye alikuwa amekimbilia humo, na siku tisa hizo, Chande alisimulia, walikaa wawili wakitazamana chini ya ramani.

Siku ya kumi na mbili Baraza lilikutana juu ya kingo, chini ya turubai. Shekue alihudhuria. Jambo la kwanza lililoamuliwa ni kwamba mbegu nyekundu imetoka, hivyo zile sitini na nane zitupwe, chungu kijazwe upya, na nchi ina miaka tisini na tisa ya salama. Watu walipumua. Wengine walilia kwa faraja. Jambo la pili ni kwamba ichorwe ramani mpya, na Chande akasamehewa kosa lake ili aichore.

Aliichora kwa siku sita. Safari hii hakuandika pembeni. Katikati kabisa ya eneo jeupe, juu ya mahali iliposimama nyumba yake, aliandika kwa wino mweusi: HAPAJAPIMWA. Fundi wa fremu alikuja akapima huku na huku, hakuona cha kukunja. Kadiri aliitazama ramani kwa muda mrefu. Alisema ni kazi nzuri, yenye mkono thabiti. Kisha akamgeukia karani na kuuliza, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, kama stooni bado kuna rangi nyeupe.

Siku hiyohiyo watoto waliozaliwa wakati wa maji waliletwa kuandikwa. Mboni alikuwa amempakata wake, wa kike, amezungushiwa kanga. Kadiri alimwinamia kwa wema. Alimwambia kwamba Baraza limefikiria. Nyumba ya Bibi Somoe haikuwa kwao, walikuwa wapita njia tu, na kwa ajili ya utumishi wa baba, mtoto anaweza kuandikwa mweupe. Ni heshima, alisema, wasiyompa kila mtu.

Shekue alimwona Chande akimtazama mkewe. Mboni aliifunika miguu ya mtoto iliyotoka nje ya kanga.

"Mwandikeni mwekundu," alisema. "Nataka aruhusiwe kuogopa."

Karani akamtazama Kadiri. Kadiri akatazama kando. Karani akachovya kalamu.

Asubuhi ya kuondoka kwake, Shekue aliiacha kamba kwa dada yake. Kisima chao cha zamani kilikuwa kimefukiwa, lakini Bibi Somoe alikuwa na chake, na Mboni alikwisha kukitumbukizia kabla kaka yake hajafunga mkoba. Alihesabu kwa sauti, mtoto mgongoni, fundo kwa fundo, na Shekue alipofika kwenye kona ya njia aliweza bado kumsikia. Hesabu ilikuwa ishirini na mbili. Baada ya hatua chache akagundua kwamba amesimama, anangojea kusikia ya kesho.